Mpaka Rangi wa Ukuta Wenye Tumbo

Kwa miaka yote niliyofanya kazi Saudia, ikama yangu, kile kitambulisho cha ukaazi, ilisema mimi ni mpaka rangi. Mimi ni fundi wa mawe na chokaa. Kosa lilianzia kwa wakala wa ajira aliyenihoji Dar es Salaam. Aliniuliza najua kazi gani, nikamjibu, "Chokaa." Kwake yeye chokaa ilikuwa ile ndoo nyeupe inayotembezwa ukutani shule ikisubiri mgeni rasmi. Akaandika alivyoelewa, muhuri ukagongwa, na mimi nikawa mpaka rangi mbele ya serikali mbili.

Siku niliyoagwa karakanani Jeddah, nyinyi vijana mlinitaka niandike habari za nyumba ya Bi Zuhura tangu mwanzo, kwa kuwa kila mmoja wenu ameisikia kivyake, na nasikia kuna anayesimulia kwamba niliushikilia ukuta kwa mgongo. Sikuushikilia kwa mgongo. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Unguja, nina muda na kalamu. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Hayasaidii kusimamisha ukuta.

Kazi nilifundishwa Mji Mkongwe na Fundi Mcha, mtu mfupi, mkavu, aliyevaa kofia ileile hadi ikawa na rangi ya vumbi la mawe. Siku yangu ya kwanza hakunipa mwiko wala nyundo. Alinipa jiwe la matumbawe akasema, "Lamba."

Nikadhani ananitania mbele ya wenzake.

"Lamba, we! Jiwe haling'ati."

Nikalamba. Chumvi tupu. Akanipa jiwe la pili. Hilo halikuwa na ladha yoyote. "La kwanza limetoka juzi baharini," akasema. "Ukilijengea, chumvi itakula ukuta kutoka ndani na wewe utaambiwa hujui kazi. La pili limenyeshewa mvua za miaka. Hilo ndilo la kujengea. Basi, shule imekwisha, kachote maji."

Shule haikuwa imekwisha. Ilichukua miaka kumi na moja, na mwisho wake Mcha alinipa timazi yake ya shaba, kile kipande kizito kinachoning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Uzi nimeubadilisha mara nyingi. Shaba ni ileile.

Riyadh nilifika mapema katika lile wimbi la miaka ya elfu mbili na kumi, wakati kila ndege ilikuwa imejaa wasichana wa Kenya wanaokwenda kufanya kazi majumbani, madereva, walinzi na mafundi kama mimi. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, alikuwa mkandarasi aliyeitwa Abu Rakan, mtu wa haraka ambaye neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa "yalla", haya twende, na la mwisho jioni lilikuwa "halas", basi imekwisha. Alisoma ikama yangu, akanipa brashi. Nikapaka mikahawa na maduka ya Sulimaniyah, rangi ya maziwa juu, kahawia chini, ghorofa baada ya ghorofa. Mwenzangu alikuwa Mutua, Mkamba kutoka Machakos, fundi hodari wa simiti. Mimi nasema saruji, yeye anasema simiti. Tulianza kubishania neno hilo siku ya kwanza na mpaka leo hatujaafikiana.

Lazima nieleze pia habari ya nywele, kwa sababu Mutua ataieleza nisipoieleza mimi. Mkahawa mmoja ulikuwa na ufa, nami nikataka chokaa kidogo ya kuuziba vizuri. Mafundi wa zamani wa kwetu chokaa laini ya kumalizia waliiita niru, na nilijua neno hilo limetoka kwa Waarabu, ambao husema nura. Nikaingia duka la manukato na dawa za asili, nikaomba nura, kilo tano. Muuzaji alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akanivuta pembeni, akaninong'oneza swali. Nikamwita Mutua, aliyejua Kiarabu kuliko mimi.

"Anauliza ni ya kwapa ama ni ya mahali pengine," Mutua akasema.

"Ya ukuta!"

"Mzee, hiyo nura ya hapa ni ya kutoa nywele. Kilo tano! Anashangaa wewe ni mtu ama ni kondoo."

Kuanzia siku hiyo Mutua aliniita Mzee Kondoo. Lakini neno lile lilikuja kunifaa.

Mwaka uliofuata Abu Rakan alipata kazi Jeddah, akatuhamishia huko. Tulilala mtaa wa Al-Safa na kazi ilikuwa mji wa kale. Maagizo yalikuwa mafupi: nyumba ya zamani, ukuta wa mbele una nyufa, Mutua apige simiti, mimi nipake rangi nyeupe, wiki mbili, halas.

Niliposhuka garini nikaiona nyumba ile, nilisahau kuteremsha ndoo. Ilikuwa na ghorofa nne za mawe ya matumbawe, yaliyokatwa miraba na kupangwa safu kwa safu. Kila baada ya safu kadhaa, kimo cha kiuno hivi, palipita mkanda wa mbao ndani ya ukuta kuzunguka nyumba nzima, kama pete za pipa. Wenyeji huuita takalil. Jiwe la matumbawe ni jepesi na laini. Nyumba ikitikisika au ardhi ikikaa, mbao hizo ndizo zinazogawa uzito na kuyafunga mawe yasisambaratike. Mbele zilining'inia roshani. Kwetu roshani ni baraza ya wazi ya ghorofani. Kwao ni sanduku kubwa la mbao, lililofungwa kwa nakshi za vipande vyembamba, linalotokeza juu ya njia. Aliye ndani anawaona wote, wa nje hawamwoni, na upepo wa bahari unachujwa ukiingia. Nilikuwa nimekutana na binamu wa nyumba zetu, aliyekulia nchi nyingine.

Na binamu alikuwa mgonjwa. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Nikaning'iniza timazi ya Mcha kutoka dirishani: upana wa kiganja mzima nje ya mstari. Mlangoni palikuwa na karatasi nyekundu ya wakaguzi. Mutua akanisomea: mwenye nyumba athibitishe kabla ya mvua za mwaka huo kwamba ukuta ni salama, la sivyo nyumba ihamwe na ibomolewe.

Mutua alianza kushusha mifuko. Nikajisemea kwa sauti, "Wakipiga saruji hapa, wanaizika na roho bado imo."

Sauti ikatoka juu, ndani ya roshani. "Ewe! Nani huyo anayesema Kiunguja chini ya dirisha langu?"

Sikumwona mtu. Nikajibu mbao. "Makame, mama. Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa niru, mama."

Sauti ikasogea karibu na mbao: "Niru! Neno hilo sijalisikia tangu babaangu. Panda juu. Na huyo mwenzio mwambie hiyo saruji asiiteremshe kwanza."

Bi Zuhura alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kanga kiunoni juu ya gauni la Kihijazi. Aliondoka Unguja na wazazi wake mwaka wa sitini na nne, akaolewa Jeddah, akaletwa nyumba hii ya wakwe. Mume alifariki, watoto walihamia Al-Safa kwenye nyumba za zege na viyoyozi, na kila Ijumaa walikuja kumsihi ahame. Alinimiminia kahawa akasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: "Makame, nyumba moja niliiacha chungu kiko mekoni. Nilikuwa msichana, sikuulizwa. Hii ya pili nitaulizwa, na jibu langu ni siiachi. Sasa niambie kweli. Ukuta utasimama au hausimami?"

Nikamwambia sijui mpaka niufungue. Alifurahishwa na jibu hilo kuliko nilivyotarajia. Wote waliotangulia, alisema, walijua.

Mhandisi wa kazi alikuwa Wajdi, Mmisri, mtu msomi na mwadilifu, asiyependa kupotezewa wakati. Nilipomwambia saruji itaua ukuta, alimgeukia Abu Rakan. "Huyu ni nani?"

"Mpaka rangi," Abu Rakan akasema, akiona haya.

"Basi apake rangi."

Nilichukua nyundo, nikabandua kipande cha saruji ya zamani iliyopigwa huko nyuma na fundi mwingine, ukubwa wa sinia. Nyuma yake jiwe lilimwagika kama unga wa muhogo. Nikaokota kipande kilichobaki, nikakilamba, nikampa Wajdi.

"Mafi," akasema. Hapana.

"Ewe mhandisi, jiwe haling'ati."

Mutua aligeuka ukutani mabega yakimtikisika. Wajdi akalamba. Akatema, akalitazama jiwe, kisha saruji. Nikamweleza: jiwe la matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini na chumvi yake. Chini ya chokaa, unyevu hupata pa kutokea. Chini ya saruji haupati, chumvi inabaki ndani, inavimba, jiwe linakuwa unga, mbao zinaoza, na ukuta unatoa tumbo. Tukiongeza saruji tutakuwa tunaupa ugonjwa uleule kwa dozi kubwa.

Wajdi hakusema nina haki. Alisema, "Unataka nini?" Kwa mhandisi ni kitu kilekile.

Nilitaka ukuta uegemezwe kwa mihimili, roshani za mbele zifungwe vizuri, saruji yote ibanduliwe, chokaa iloweshwe shimoni uani na kukaa majuma sita chini ya magunia mabichi, mawe yatafutwe kwenye vifusi vya nyumba zilizoanguka, na mbao zilizooza zibadilishwe. Mbao tulizipata kwa mzee mmoja auzaye vitu vya nyumba za zamani. Aliniambia ni gandal, zilizokuja zamani kwa bahari. Nikaparua gamba kwa kucha. Mkandaa. Boriti za kwetu, kutoka mikokoni ya kwetu, zilizofika Jeddah kabla ya Bi Zuhura na kabla yangu mimi, bila ikama. Mzee aliniuliza kwa nini nacheka.

Jambo jingine lilikuwa vioo. Vijana, hili mnalijua, lakini wapo wengine watakaosoma. Ukitaka kujua kama ufa unatembea, usiutazame kwa macho. Macho huona unachokiogopa. Chukua kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa jasi kukatisha ufa, upande huu na huu. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinavunjika. Niliweka vitano kwenye ngazi za ndani, nikaviandika namba. Cha tatu kilikuwa katikati ya tumbo.

Kanuni ya Mcha ilikuwa hii: ukuta wenye tumbo hufunguliwa kidogo, unajazwa, unasubiri, ndipo unafungua pengine. Ukifungua pakubwa, mawe ya juu yanaulizana nani anayabeba. Nilimpa Mutua upande wa kushoto nikamwambia, "Toa mkono mmoja. Usizidishe."

Hapo ndipo tulipokaribia kuiua nyumba. Kwetu, kwa fundi, mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Hivyo ndivyo Mcha alivyopima maisha yake yote. Mutua hakuwahi kumsikia Mcha. Kwa Mutua mkono ni mkono. Aliunyoosha kutoka begani, akatia alama mbili, akafungua ukuta karibu mara mbili ya nilivyokusudia, kwa ustadi mkubwa na kwa mstari ulionyooka.

Nilikuwa uani nikigeuza chokaa. Nikasikia ukuta unakohoa. Sina neno jingine. Vumbi likashuka kwenye ngazi, kisha sauti ndogo: tik.

Vibarua walikimbia nje, na walifanya sawa. Mutua hakukimbia. Nilimkuta ameingiza kipande cha boriti kwenye tundu na anakigongea kabari, uso mweupe kwa vumbi, akisema, "Mzee imeshuka, mzee imeshuka, nimefanya kama ulisema!" Nikashika boriti ya pili. Tukagonga kabari huku na huku, polepole, ukigonga kwa hasira unaongeza msiba, mpaka mbao zilipobana na vumbi likaacha kushuka. Hapo ndipo mnaposema niliushikilia kwa mgongo. Nilijiegemeza tu, nikitema vumbi.

Kioo namba tatu kilikuwa na mstari katikati.

Wajdi alifika baada ya nusu saa. Aliangalia kioo, akasema neno la Abu Rakan: "Halas." Kazi isimame, aandike ripoti kwamba nyumba haiokoleki. Bi Zuhura aliyekuwa akilala kwa bintiye Al-Safa kwa muda wa kazi, naye akaingia na sufuria la pilau, kama kila mchana. Akatuona tulivyo. Akaliweka sufuria chini.

"Kimevunjika cha ngapi?"

"Cha tatu, mama."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kwa Kiswahili, na nilipotaja mkono, nilionyesha mkono. Mutua akadakia, "Si huu ndio mkono?" akanyoosha wake kutoka begani. Tukasimama hivyo mbele ya mhandisi, mmoja amekunja na mmoja amenyoosha, kama watu wanaouza vitambaa viwili tofauti. Wajdi hakujua Kiswahili, lakini hesabu ile aliielewa mara moja. Alifunga midomo akajizuia, akashindwa, akacheka hadi akavua miwani.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alitoa futi yake ya chuma, akapima mkono wangu kutoka kiwiko, akaandika namba kwenye ukuta wa ngazi kwa kalamu nyekundu, kubwa. "Tangu leo," akasema, "mafi mkono." Akachukua timazi yangu akaining'iniza mwenyewe. "Siku tatu. Ukuta ukisogea, naandika ripoti. Usiposogea, mnaendelea."

Niliweka kioo kipya mahali pa cha tatu. Siku tatu Mutua hakuniita Mzee Kondoo hata mara moja. Ndivyo nilivyojua anaumia. Siku ya nne Wajdi alipima. Timazi haikuhama. Kioo kizima. "Yalla, maalim," akasema. Maalim ndivyo wanavyomwita fundi mkuu. Abu Rakan alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeitwa.

Tulifungua, tukajaza, tukasubiri, mara ishirini na tisa. Mawe yote yalilambwa. Mutua alilamba mengi kuliko mimi, na kufikia mwisho alikuwa akikataa jiwe kwa kulinusa tu na kuwasomea vibarua hotuba. Boriti za mkandaa ziliingia mahali pake. Chokaa ilipigwa tabaka tatu nyembamba, kila moja ikisubiri ya chini yake. Bi Zuhura alirudi kwake kabla hatujaondoa mihimili ya mwisho. Hakuna aliyempa ruhusa na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mvua ilikuja asubuhi moja, na Jeddah mvua haizoei watu wala watu hawaizoei. Maji yalijaa njia. Gari lilikwama, mimi na Mutua tukamalizia kwa miguu, maji magotini, yeye akisali kwa Kikamba na mimi kwa njia yangu. Tulipokunja kona nikaona roshani iko mahali pake. Ukuta sikuutazama. Nikaita, "Bi Zuhuraaa! Vioo!"

Tukasikia kandambili zake zikishuka ngazi ndani ya nyumba. Kisha sauti, kama mwalimu anayeita majina darasani. "Namba moja, kizima! Namba mbili, kizima!"

Kandambili zikasimama.

"Na tatu, mama?"

"Ngoja nivae miwani, siyo wewe unayeshuka ngazi hizi!" Mvua ikatupiga vichwani. "Tatu kizima! Nne kizima! Tano kizima! Haya pandeni, mnalowa huko kama majuha!"

Mutua alinibeba. Mzee mzima, nikabebwa katikati ya njia.

Wakaguzi walikuja maji yalipokauka. Mkubwa wao alipima, akagonga, akapima tena, kisha akauliza nani amefanya kazi hii. Wajdi akanionyesha. Mkaguzi akaomba ikama, akaisoma, akaisoma tena. "Imeandikwa mpaka rangi."

"Kweli," Wajdi akasema. "Lakini rangi bado hajapaka."

Karatasi nyekundu Bi Zuhura aliibandua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na tangu siku hiyo ilikuwa kifuniko cha mtungi wake wa achari.

Nyumba nyingine zilifuata; nyingi mmezifanya nyinyi, na hizo mtaziandika wenyewe. Mutua ndiye sasa maalim wenu. Timazi ya Mcha anayo yeye, na mkiona anapima kwa mkono, mwonyesheni ile namba nyekundu. Nilimkataza Wajdi asiifute.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikwenda kumuaga Bi Zuhura. Miaka ilikuwa imempunguza, lakini sauti ilitoka roshani vilevile kabla sijabisha. Alikuwa ameweka ndoo ya niru na brashi mlangoni, tayari imekorogwa.

"Makame, umeusimamisha ukuta wangu, umeuacha hauna sura. Miaka yote hii nangoja. Ikama yako yasema nini?"

Nikakunja mikono ya kanzu. Nilianza kwenye ngazi, nikizunguka kioo namba tatu na ile namba nyekundu ya Wajdi kwa uangalifu nisivipake, kisha nikatoka mbele, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mpaka ukuta wote uling'aa juani na watu waliopita wakafumba macho. Mutua alishika ngazi. Jioni nilisafisha brashi, nikatoa ikama mfukoni kuisoma kwa mara ya mwisho kabla sijairudisha. Kwa siku ile moja, ilikuwa inasema kweli.